Rangi za Nyuga za Kusomwa Tu katika Fomu za Kompyuta

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwandishi wa programu anavyoweza kutawala rangi za nyuga za kusomwa tu, na kwa nini jambo hilo linaloonekana dogo linamgusa msomaji wa fomu. Kwa uga tunamaanisha kisanduku cha fomu kinachobeba maneno au tarakimu. Uga ni wa kusomwa tu iwapo yaliyomo huonekana lakini hayabadilishwi kwa kuchapa.

Mfano wetu tunautoa Kasindi, Kivu ya Kaskazini, mji wa mpakani unaotazamana na Mpondwe ya Uganda. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, forodha, au duane kama wasemavyo wengi, hutumia mfumo wa SYDONIA uliobuniwa na CNUCED, chombo cha Umoja wa Mataifa. Hapa lakini tuifikirie fomu ndogo ambayo wakala wa forodha angejitengenezea ofisini mwake ili kukadiria gharama kabla ya kupeleka tamko. Aina ya bidhaa, uzito na thamani huziandika mwenyewe. Kiwango cha ushuru na jumla ya malipo hukokotolewa na programu. Nyuga hizi mbili za mwisho ni za kusomwa tu, nazo ndizo anazozingoja mfanyabiashara. Wakala akisoma 3 mahali pa 8 kwa kuwa tarakimu zimefifia, fedha atakazomwomba mteja hazitatosha, na lori litalala mpakani.

2.0 Kusomwa tu si kuzimwa

Kosa la kwanza ni la maana kabla ya kuwa la rangi. Uga uliozimwa ni uga usiohusika kwa wakati huo: kishale hakiingii, na maandishi yake hayanakiliwi. Uga wa kusomwa tu unahusika kikamilifu, ila haukubali kuandikwa. Hata umbo la neno linatusaidia: twasema “wa kusomwa”, si “wa kusoma”, kwa maana uga hausomi bali husomwa. Kumpa msomaji taarifa muhimu katika uga uliozimwa ni sawa na kumpa barua kisha kupunguza taa.

Katika Visual Basic ya miaka ya 1990, sifa ya Enabled ikikanushwa, maandishi hugeuka kijivu bila hiari ya mwandishi wa programu. Sifa ya Locked, kinyume chake, huzuia uandishi na kuziacha rangi kama zilivyopangwa. Kwa hiyo, aliyelalamika kwamba rangi zake hazitii aghalabu alikuwa amechagua sifa isiyofaa.

3.0 Namna ya kutawala rangi

Katika Windows, kisanduku cha maandishi kabla ya kuchorwa hupeleka ujumbe kwa dirisha lake mzazi kuuliza rangi. Kisanduku kinachoandikika hupeleka WM_CTLCOLOREDIT; cha kusomwa tu, au kilichozimwa, hupeleka WM_CTLCOLORSTATIC. Mwandishi anayejibu ujumbe wa kwanza pekee huona rangi zake zikitoweka mara uga unapofungwa. Dawa ni kuujibu ujumbe wa pili pia.

Katika Windows Forms, iliyotolewa mwaka 2002, sifa ya ReadOnly huleta usuli wa kijivu. Rangi ya herufi ikitajwa peke yake katika ForeColor, huenda isionekane kabisa. Sharti rangi ya usuli, yaani BackColor, nayo itajwe waziwazi. Mstari huo mmoja wa programu umewakomboa wengi.

4.0 Uteuzi wa rangi

Baada ya kupata uwezo, lipo swali la hekima. Mwongozo wa WCAG 2.0 wa mwaka 2008, ingawa ulitungwa kwa ajili ya kurasa za intaneti, hutupa kipimo kizuri: uwiano wa mwanga baina ya herufi za kawaida na usuli usipungue 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Kijivu cha kati (128) juu ya nyeupe ni takriban 3.9 kwa 1. Juu ya kijivu chepesi (192) hushuka hadi takriban 2.2 kwa 1. Mwongozo huo husamehe nyuga zisizotumika, lakini uga wa kusomwa tu haumo katika msamaha huo.

Basi herufi zibaki nyeusi, na usuli pekee upakwe kijivu chepesi sana kuonyesha kwamba hapaandikwi. Hali kadhalika, rangi isiachiwe kusema peke yake, kwani wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Lebo kama “Jumla (imekokotolewa)” yafaa iongezwe. Mwisho, ni bora kuazima rangi za mfumo wenyewe, ili aliyechagua mandhari ya mwanga mkali kwa udhaifu wa macho asinyang’anywe chaguo lake.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba rangi ya uga ni sehemu ya kauli yake. Kumzuia mtu asiandike ni haki ya fomu. Kumzuia asisome si haki yake. Mwandishi wa programu ajiulize kwanza uga wake unasema nini kwa msomaji, ndipo ateue sifa, na rangi ije mwisho.