Unachunga watoto wa majirani? Jua bima ya dhima

Mtoto wa jirani ameteleza kwa bafu yako, mkono umevunjika. Mamake anataka ulipe hospitali. Pesa anayokulipa kwa siku haitoshi hata eksirei.

Hapo ndipo bima ya dhima huingia. Kampuni inalipa fidia unayodaiwa kwa sababu ya uzembe wako au wa msaidizi wako, hadi kiwango kilichoandikwa kwa mkataba. Ni kama ile bima ya gari inayomlipa aliyegongwa, haikutengenezei gari. SHA ni kitu kingine: inaweza kugharamia matibabu ya mtoto ikiwa mzazi amesajiliwa na amelipa, lakini haikukingi ukishtakiwa. Na usitegemee bima ya nyumba, maana nyingi hazihesabu biashara unayofanyia sebuleni. Mwambie wakala ukweli: watoto ni wangapi, wana umri gani, jiko liko wapi. Ukificha, dai lako linaweza kukataliwa.

Sasa malipo, na hapa ndipo wengi huumia. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima ya Kenya hakiruhusu kampuni ikukinge kabla ya kupokea pesa au dhamana ya malipo. Kwa hivyo ukimwambia wakala "nitatuma Ijumaa", mpaka Ijumaa huna bima. Lipa kwa Paybill ya kampuni yenyewe, si namba ya wakala. Soma jina kabla ya kuthibitisha malipo, na ile SMS usiifute. Kabla ya yote, angalia kama kampuni iko kwa orodha ya IRA ya zenye leseni.