Sanduku la Kufuli Tatu

Wambaa ni kijiji cha pwani katika Wilaya ya Mkoani, kusini mwa Pemba. Huko, kama kote kisiwani, msimu wa karafuu ukija fedha huonekana. Msimu ukipita na mtoto akaugua, mama hujiuliza: Nitakopa kwa nani?

Vijiji vingi vya Unguja na Pemba vimepata jibu katika vikundi vya hisa. Njia hii ilianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE. Baadaye ikafika Zanzibar. Kikundi huwa na watu kama 15 hadi 30 wanaojuana. Lakini kujuana peke yake hakutoshi. Kinacholinda fedha ni mkutano.

Tuutazame. Kila juma, siku ile ile na saa ile ile, wanachama hukaa duara, kila mtu kwa namba yake. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu mbalimbali. Anayelitunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Hesabu ya mkutano uliopita hutajwa kwa sauti, hata asiyejua kusoma aikumbuke. Kisha kila mmoja huitwa, hununua hisa moja hadi tano, na mhuri hugongwa katika kitabu chake. Mwenye haja ya mkopo huomba mbele ya wote, akisema ni wa kazi gani na ataulipa lini. Mwisho wa mwaka hugawana akiba na faida, kila mtu kwa hisa zake.

Je, mkutano ukiahirishwa leo, na juma lijalo tena? Hapo ndipo ubovu huanza. Mmoja hukopeshwa usiku nyumbani kwa mtu, bila shahidi. Mwezi ukipita maneno huwa mengi, na majirani waliokopeshana chumvi hawasalimiani tena.

Basi kanuni ni moja: fedha isiguswe nje ya mkutano. Na anayechelewa atoe faini, hata akiwa mwenyekiti.

Ndugu msomaji, kama kijijini kwenu mna chama, cha mazishi au cha kulima, jiulize: Je, mwanachama aliye mnyonge kuliko wote anajua leo sandukuni mna shilingi ngapi? Kama hajui, iteni mkutano.