Kijana wa Ukambani na Ghala la Nabii Yusuf

Muulize kijana wa Kiislamu wa Kitui au Makueni, ndugu msomaji, atafanya nini mwakani. "Inshallah," atakwambia. Neno tukufu, ila peke yake halilimi. Nabii Yusuf alimtegemea Mola, na bado akaagiza nafaka za miaka saba ya neema ziwekwe akiba, tena masukeni.

Ukambani mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, hutumainika kuliko za masika. Mwenye shamba na apande mtama wake mapema. Rika lake hutaja gari (sisi tulitaja baiskeli); yeye na aweke shabaha ya kuwa mtoa zaka: avune wasaki tano, yapata kilo 650. Mtama ulionyweshwa na mvua hutolewa fungu moja katika kumi. Wa kumwagiliwa kwa gharama, nusu yake.