Spika Nne kwa Amplifaya Moja

Wengi waliojiundia seti ya muziki nyumbani wameuonja msiba huu. Spika za ziada zaazimwa kwa ajili ya harusi, muziki wavuma kwa nusu saa, kisha harufu ya kuungua yatoka ndani ya amplifaya na ukumbi wote wanyamaza. Lawama huziangukia transista, kumbe kosa lilikuwa katika uungaji wa nyaya.

Ndani ya kila spika mna koili ya waya inayoukinza mkondo wa umeme. Ukinzani huo hupimwa kwa omu, kipimo kilichopewa jina la Georg Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Spika nyingi za nyumbani huandikwa omu 8. (Fundi asishangae mita ikimwonyesha 6 hivi, mita hupima kwa mkondo wa upande mmoja, ilhali mkondo wa muziki hugeukageuka.)

Spika zikiungwa sambamba, yaani chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, kila nyongeza ni kama kuufungulia ukumbi mlango mwingine: watokao huzidi. Spika mbili za omu 8 hufanya omu 4, na nne hufanya 2 tu. Tuseme amplifaya inatoa volti 16. Kwa spika moja itapitisha ampea 2. Kwa nne, ampea 8. Transista zilizokusudiwa mzigo usiopungua omu 4 zitapata joto kupita kiasi na kuungua.

Dawa yake ni kuchanganya. Spika mbili huungwa mfululizo, zikafanya omu 16. Mbili nyingine vivyo hivyo. Kisha jozi hizo huungwa sambamba. Jumla hurudi kuwa omu 8, na kila spika hupata wati 8 kati ya 32. Sharti zote ziwe za aina moja. Katika stereo, hesabu hii hufanywa kwa kila upande peke yake, na nyaya za kushoto zisigusane na za kulia.

Kabla ya kuunga, betri ya tochi ya volti 1.5 iguswe kidogo kwenye spika: chanya ikigusa chanya, karatasi ya spika husukumwa nje. Spika moja ikigeuzwa, huvuta hewa wakati wenzake wanaisukuma. Besi hufifia, na spika nzima hutupwa jalalani bure.