Msimamizi wa Tarakilishi Ofisini: Kazi, Mitihani na Lugha Yake

Utangulizi

Katika ofisi nyingi nchini Kenya, msimamizi wa tarakilishi hukumbukwa mambo yanapoharibika. Printa ikigoma, mtandao ukikatika au nywila ikisahaulika, ndipo jina lake huitwa. Siku ambayo kila kitu kinakwenda shwari, hudhaniwa kuwa hana kazi. Makala haya yananuia kueleza kazi anayoifanya, mitihani anayoifanya ili apate vyeti vya taaluma yake, na pengo la lugha lililoko baina ya mambo hayo mawili.

Kazi za kila siku

Kazi yake huanza kabla ya wenzake kuketi. Hukagua iwapo seva, yaani tarakilishi kuu inayozihudumia nyingine, inafanya kazi ipasavyo; iwapo mtandao unafika kila chumba; na iwapo nakala za akiba za usiku uliotangulia zimekamilika. Akiba haiozi, walisema wahenga, na katika taaluma hii akiba hiyo ina kanuni yake: nakala 3 za data, zihifadhiwe katika vyombo vya aina 2 tofauti, na 1 kati yazo iwekwe nje ya jengo. Ofisi inayopuuza kanuni hii huweza kupoteza orodha nzima ya mishahara kwa hitilafu moja ya umeme. Aidha, nakala hizo sharti zijaribiwe mara kwa mara, kwani nyingine hugunduliwa kuwa mbovu siku ile ile zinapohitajika.

Mfanyakazi mpya akiajiriwa, msimamizi humfungulia akaunti na kumpa idhini ya kuzifikia faili zinazohusu kazi yake pekee. Akiondoka, akaunti hiyo hufungwa mara moja. Jambo hili lilipata uzito zaidi baada ya kupitishwa kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kwa mujibu wa sheria hiyo, data ya watu ikifikiwa bila idhini na kukawa na hatari ya kweli ya wao kudhurika, Kamishna wa Data hana budi kuarifiwa katika muda wa saa 72.

Masomo na vyeti

Shahada au stashahada pekee haimtoshi mtaalamu huyu. Waajiri wengi hutaka pia vyeti vya kimataifa. Cheti cha A+ cha CompTIA, kilichoanzishwa mwaka 1993, huhusu vifaa, mifumo endeshi na utatuzi wa hitilafu. Mtahiniwa hufanya karatasi mbili. Cheti cha CCNA cha Cisco, kilichoanza mwaka 1998, huhusu mitandao na hudumu kwa miaka 3 kabla ya kuhuishwa. Baadhi ya vyeti hufutwa kabisa: kile cha MCSE cha Microsoft, kilichosifika kwa miaka mingi, kilikomeshwa mwanzoni mwa mwaka 2021. Elimu haina mwisho, na kwa msimamizi huyu masomo hufanywa usiku, baada ya siku nzima ya kuitwa huku na huku.

Lugha ya kazi

Mitihani hiyo haitolewi kwa Kiswahili. Hata hivyo, karatasi ya pili ya A+ ina sehemu inayohusu mawasiliano, na humtaka mtaalamu aepuke istilahi ngumu anapomhudumia mtumiaji. Katika ofisi ya Kenya, sharti hilo haliwezi kutimizwa kwa Kiingereza pekee. Karani, mlinzi na mhudumu wa mapokezi hueleza shida zao kwa Kiswahili, nao hustahili kujibiwa kwa Kiswahili.

Chukua mfano wa baruapepe za hadaa, ambazo hujifanya zimetoka kwa mkubwa wa ofisi na kuomba nywila. Ilani ndefu ya Kiingereza cha kitaalamu husomwa na wachache. Ilani isemayo, "Hakuna mtu wa ofisi hii atakayekuomba nywila yako," hueleweka papo hapo, na huenda ikaokoa fedha za umma.

Istilahi zipo: nywila, kipanya, tovuti, baruapepe. Tatizo ni kwamba nyingine hushindana, kama vile kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na nyingi hubakia kamusini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelekezo ya Kiswahili. Hiyo ni ithibati kuwa lugha hii inaimudu kazi.

Hitimisho

Msimamizi wa tarakilishi ni mfasiri asiyefunzwa ufasiri. Akikosa neno, hulibuni papo hapo akiwa amepiga magoti chini ya meza, nyaya mkononi. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kumsaidia. Wanaweza kuanza katika vyuo vyao wenyewe, kwa kuzichukua ilani za kitengo cha tarakilishi, kuzifasiri, kisha kuwasomea makarani na walinzi ili kubaini ni istilahi zipi zinazoeleweka na zipi zinazofaa kuachwa.