Bunduki bei ya bodaboda mbili na chenji: Inalipa?

KAMA unadhani penalti ni umbali mfupi, ngoja kwanza. Penalti inapigwa mita 11. Kwenye Olimpiki kuna watu wanasimama mita 10 tu, pungufu ya penalti kwa hatua moja, na ‘goli’ wanalolitafuta lina upana wa nusu milimita. Nukta iliyofunga sentensi hii ndiyo saizi yake. Hapo ndipo ilipo pointi 10 ya bunduki ya upepo.

Mjadala huu niliukuta Tumbi, Kibaha, kijiweni pembeni ya Barabara ya Morogoro, watu wakisubiri mechi ya jioni. Jamaa mmoja alikuwa na video kwenye simu. Mzungu anafungua begi dogo, anatoa mtutu, anauchomeka kwenye kitako, anakaza, analala chini, anapiga shabaha ya mbali katikati kabisa. Haikufika dakika moja. Kijiwe kikagawanyika kama siku ya watani wa jadi. Wa upande huu wanasema ukiwa na chombo kama hicho huwezi kukosa. Wa upande ule wanasema hiyo ni hela ya kuchoma. Nikaombwa niamue, nami nikaomba muda.

Iko hivi. Bunduki ya shabaha inapimwa kwa jinsi risasi zake zinavyokaa pamoja. Chukua Uwanja wa Benjamin Mkapa. Lala kwenye mstari wa goli moja, lenga goli la pili, mita 105. Bunduki nzuri inatakiwa ipige risasi tano zote ndani ya duara la sentimita tatu hivi. Hicho ni kizibo cha soda. Kuanzia goli hadi goli.

Sasa bunduki hiyo ikifunguliwa vipande na kufungwa upya, mtutu lazima urudi palepale ulipokuwa. Ukirudi umeinama kwa sehemu ya kumi tu ya milimita, kwa mtutu wa sentimita 60, kule kwenye goli la pili risasi itahama karibu milimita 18. Umeshatoka nje ya kizibo. Kwa hiyo unapoambiwa bei ya bunduki za aina hii, ujue hulipii kubebeka kwake. Begi dogo hata fundi wa Maili Moja anakushonea. Unalipia uhakika kwamba ikifungwa upya itapiga palepale ilipopiga jana.

Wajerumani wa Blaser walilitatua tatizo hili kwa akili. Kwenye bunduki yao ya R8, iliyotoka mwaka 2008, darubini haikai kwenye mwili wa bunduki, inakaa juu ya mtutu wenyewe. Ukitoa mtutu, darubini inatoka nao, na vikirudi vinarudi pamoja kama kipa na beki wake wa kati waliozoeana. Bei? Inavuka euro 3,000 bila hiyo darubini. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni nane. Bodaboda mbili mpya na chenji ya mafuta.

Marekani kuna Ruger 10/22 ya kufungua vipande, iliyoingia sokoni mwaka 2012. Hiyo ni nafuu mno, inapiga risasi ndogo na inafaa kwa mazoezi, lakini usiipeleke kushindana na zile za juu.

Na hili si jambo geni huku kwetu. Wawindaji wa Kizungu waliotua pwani ya Afrika Mashariki zaidi ya miaka 100 iliyopita walikuja na bunduki za mitutu miwili zinazotenganishwa na kulazwa kwenye kasha la ngozi, kwa sababu kulikuwa na meli, treni, kisha mabega ya wapagazi. Mabega hayo yalikuwa ya babu zetu, na sijui kama kuna aliyewauliza kuhusu uzito.

Turudi kwenye swali la kijiwe. Je, chombo ndicho kinachoshinda?

Mwaka 2004, miezi michache kabla ya Olimpiki ya Athens, Mmarekani Matthew Emmons aliikuta bunduki yake imeharibiwa na mtu asiyejulikana, tena ndani ya kituo cha mazoezi cha timu yao. Kwa mlenga shabaha hilo ni kama straika kuvunjwa mguu wiki ya fainali. Akaazima bunduki ya mwenzake. Akaenda nayo Athens, akachukua dhahabu ya kulenga akiwa amelala.

Sikiliza kilichofuata. Siku mbili baadaye yuko kwenye fainali nyingine, ile ya mikao mitatu. Anaongoza kwa pointi tatu, imebaki risasi moja, na hata akipata saba na ushee dhahabu ni yake. Akalenga vizuri, akafyatua vizuri. Risasi ikatua kwenye shabaha ya jirani. Sifuri! Akaanguka hadi nafasi ya nane, na Jia Zhanbo wa China akaondoka na dhahabu. Hakuna bunduki ya bei yoyote ingemwambia kwamba anaangalia goli la mtu mwingine.

Hata yule mzee wa Kituruki, Yusuf Dikeç, aliyetamba mitandaoni mwaka 2024 mkono mfukoni, bila miwani maalumu, watu walikosea kumwelewa. Ile bastola yake haikuwa ya kuokota. Ilikuwa ya mashindano kama za wenzake. Alichoacha nyumbani ni mapambo tu, na fedha ya timu mchanganyiko akaipata.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama wewe ni mtu wa mashindano na unapanda ndege kila mwezi, lipa. Kasha fupi linapunguza usumbufu uwanjani, na kurudi palepale kunakuokolea risasi nyingi za kurekebisha. Kama bunduki yako haitoki mkoani, hizo milioni nane zimelala chini. Ni sawa na kununua viatu vya Ligi ya Mabingwa kuchezea ndondo kwenye mchanga.

Kinachoniuma ni kwamba tunabishania begi wakati mchezo wenyewe hatunao. Shabaha kwetu imebaki kambini, michezo ya majeshi, basi. Kibaha hapa ndipo Filbert Bayi alipojenga shule zake, na medali mbili pekee za Olimpiki tulizonazo, yake na ya Suleiman Nyambui, zote Moscow 1980, zote zilitoka miguuni. Bunduki ya upepo inahitaji ukumbi wa mita 10 na msimamizi anayejua kazi yake. Kopo moja la vidonge vyake lina 500, wakati mchujo wa Olimpiki ni risasi 60. Kopo moja ni michujo minane. Fedha ya bunduki moja ya Blaser ingeanzisha kitu hapo.

Najua si jepesi. Huu ni mkoa wa Pwani, na waliopoteza ndugu Kibiti, Mkuranga na Rufiji mwaka 2017 wapo. Mtu akionekana na begi lenye mtutu ndani, hakuna atakayeuliza mambo ya Olimpiki. Bunduki ikiwa vipande bado ni bunduki, na bado inataka leseni. Ndiyo maana nasema ukumbi wenye mlango, kufuli na daftari, si kila mtu na begi lake.

Nilipowaeleza haya, wale wa hela ya kuchoma walishangilia kama wamepata bao la dakika ya 90. Dereva wa bodaboda mmoja akanivuta pembeni kuuliza hiyo ya upepo inauzwa wapi. Nikamwambia aanzie kituo cha polisi kuuliza utaratibu, si dukani. Akasema atafikiria baada ya mechi.