Kitambaa cha Kudarizi: Kazi ya Miezi Isipotee Siku ya Kufua



Wengi wetu, hasa kina mama, tukitoka zamu kiwandani au shambani hushika sindano na uzi. Tunadarizi vitambaa vya meza, foronya na mashuka ya harusi. Kitambaa kimoja kikubwa chaweza kula jioni za miezi miwili au mitatu, na wengine hukiuza ili kulipia karo ya watoto. Kisha siku ya kufuliwa mara ya kwanza uzi mwekundu unachuja, kitambaa cheupe kinapata madoa, na mnunuzi anakirudisha. Hasara hiyo haimpati aliyetengeneza uzi wala mwenye duka. Humwangukia aliyedarizi. Kwa hiyo yafaa tujue inatoka wapi na jinsi ya kuizuia.

KWA NINI UZI HUCHUJA

Wenzetu wa viwanda vya nguo wanaijua kazi hii. Uzi wa pamba ukishatiwa rangi hauna budi kuoshwa mara kadhaa, mpaka iishe ile rangi iliyokaa juu tu bila kushika. Kazi hiyo ikifanywa kwa haraka ili kuokoa maji na wakati, rangi ya ziada hubaki, nayo hutoka nyumbani kwako. Nyekundu, nyeusi na buluu iliyoiva ndizo za kuangaliwa zaidi, maana uzi wake hutiwa rangi nyingi.

Wengi huloweka uzi katika chumvi au siki wakidhani rangi itajifunga. Ni kweli kwamba chumvi hutumika katika kutia pamba rangi, ili rangi itoke majini iingie kwenye uzi. Lakini rangi ya ziada iliyobaki juu haifungwi na chumvi wala siki. Dawa yake ni kuitoa.

KABLA YA KUDARIZI

1. Jaribu kila rangi. Kata uzi wa shubiri moja, utie katika maji ya moto yenye sabuni kwa dakika chache, kisha ubane ndani ya kitambaa cheupe. Ukiacha doa, loweka uzi wote na ubadili maji mpaka yabaki safi. Ujaribu tena. Ukizidi kuchuja, usiutumie kwenye kitambaa cheupe.

2. Fua kitambaa kwanza. Marekani na vitambaa vingine vya pamba hunywea vikifuliwa. Ukidarizi kabla, kitambaa kitajikunja kandokando ya mshono.

3. Nunua uzi wa kutosha mara moja. Kifungu cha kawaida kina mita 8 tu, na uzi wake una nyuzi 6 ndogo. Uzi uliotiwa rangi siku nyingine waweza kutofautiana kidogo, hata kama namba ya rangi ni ileile.

SIKU YA KUFUA

Tumia maji ya baridi au vuguvugu na sabuni isiyo kali, iliyokwisha kuyeyuka. Bonyezabonyeza kwa mikono. Usisugue kwa brashi wala kukamua kwa kusokota. Usitie dawa ya klorini: hupausha rangi, na uzi wa hariri au sufu huuharibu kabisa. Uzi wa reyoni, yaani hariri ya bandia, hupungua nguvu ukilowa, basi uushike kwa upole zaidi.

Suuza mpaka povu liishe. Viringisha kitambaa katika taulo kinyonywe maji, kisha kitandaze kivulini. Kikiachwa kimekunjwa na maji yake, rangi huweza kuhamia upande wa pili. Hakikisha michoro ya penseli imetoka kabla ya kupiga pasi, maana joto laweza kuikaza. Piga pasi upande wa nyuma, juu ya taulo nene, ili mshono usilale bapa. Kama ni pasi ya makaa, funika kwa kitambaa safi, majivu yasidondokee kazi yako.

RANGI IKICHUJA

Usikianike wala kukipiga pasi. Kirudishe mara moja katika beseni kubwa la maji ya baridi, na ubadili maji kila yanapopata rangi, hata ikichukua siku nzima. Doa bichi mara nyingi hutoka. Likishakauka na kupigwa pasi, ni vigumu mno kulitoa.

TUSAIDIANE

Kina mama wa kambi moja wakichanga fedha wanaweza kununua uzi wa rangi moja kwa pamoja, wakaujaribu mara moja na kuurudisha dukani kwa sauti moja kama unachuja. Na ukiuza kitambaa, mweleze mnunuzi namna ya kukifua, au mwandikie kwenye karatasi ndogo. Akikitia klorini baada ya hapo, hataweza kukudai wewe jasho lako.